UZI: Mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia ndani kwa mpangaji lini, na kwa utaratibu gani?

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linavunja ujirani kuliko hata kodi yenyewe. Nipo kwenye kamati ya serikali ya mtaa huku Kinondoni, na malalamiko ya mwenye nyumba kuingia ndani kwa mpangaji bila hodi yanatufikia mfululizo. Wanaoyaleta wengi ni akina dada wanaoishi peke yao, na kwa kawaida mtu anafika ofisini akiwa ameshavumilia mpaka basi. Wengine wameshahama, wanakuja tu kudai kodi ya miezi iliyobaki.

Mkiwakalisha pande zote mbili, kila mmoja ana neno lake. Mwenye nyumba: "Kiwanja nimenunua mimi, tofali nimefyatua mimi, leo niombe ruhusa kuingia kwangu?" Mpangaji: "Nimelipa miezi sita, humu asikanyage mpaka mkataba uishe." Kwa sheria tuliyonayo wote wanakosea, ila wa kwanza anakosea zaidi, na ndiye mwenye ufunguo.

Ukimpangisha mtu chumba, umiliki unabaki kwako lakini ukaaji unahamia kwake kwa muda aliolipia. Hiyo ndiyo maana ya kodi. Upangaji huku Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, hasa baada ya ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 kufutwa mwaka 2005. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinaingiza ahadi kadhaa ndani ya kila upangishaji, ziwe zimeandikwa kwenye mkataba au hazikuandikwa. Ahadi ya kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani na utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba wala na mtu anayeingia kwa jina lake. Dalali, mtoto wa mwenye nyumba, shemeji aliyetumwa kuangalia, wote wamo humo.

Kifungu hicho hicho kinampa mwenye nyumba ruhusa ambayo wapangaji wengi hawataki kuisikia. Yeye au wakala wake anaweza kuingia, kwa wakati unaofaa, kukagua hali ya jengo au kufanya matengenezo ambayo ni wajibu wake. Sharti ni kwamba asivuruge makazi ya mtu bila sababu ya msingi. Kwa hiyo mpangaji anayemzuia fundi bomba wakati maji yanatiririka kwenye ukuta wa jirani, huyo hana pa kusimamia.

Angalieni sasa sababu zilizotajwa: kukagua hali ya jengo, na matengenezo. Kuja kuona umenunua televisheni gani haimo. Kuangalia kama umelaza mgeni haimo. Kumtembezea chumba mteja mpya wakati wewe bado unakaa nacho haijatajwa pia, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa siku hizi, kwa sababu madalali wana haraka.

Nitatoa mfano mmoja tulioushughulikia, bila kumtaja mtu. Mpangaji ni muuguzi, anaingia zamu ya usiku. Anarudi asubuhi, anaoga, anafunga pazia, analala. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na hakuwa amesema kama ataendelea au la. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, si mtu wa shari kabisa, ana fungu la funguo amelifunga kwa kipande cha khanga, na kila ufunguo una plasta nyeupe yenye namba ya chumba. Saa nne asubuhi akaja na dalali na wateja wawili, akagonga mara mbili, kimya, akafungua. Yule binti akaamka na kukuta wanaume wasiomjua wamesimama katikati ya chumba, na viatu, mmoja anapima kwa macho kama kitanda cha sita kwa sita kitaingia. Nguo zake za ndani zilikuwa kwenye kamba pale juu ya dirisha, kwa sababu uani kwao nguo zinaibiwa.

Utetezi wa mama ulikuwa kwamba amegonga, na kwamba saa nne si usiku. Nami namwamini kuwa hakukusudia ubaya. Lakini kwa mtu wa zamu ya usiku, saa nne asubuhi ndiyo usiku wa manane, na mama alilijua hilo maana alikuwa akimpokelea maji ya ndoo. Wakati unaofaa hupimwa kwa maisha ya anayekaa ndani. Na kugonga bila kujibiwa hakukupi ruhusa ya kufungua.

Watu wanaodhani hili ni suala la adabu tu wasome na Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya faragha, na imetaja waziwazi "heshima na hifadhi ya maskani yake". Halafu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 299, inafanya kuwa kosa la jinai kuingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kumtisha, kumtukana au kumuudhi. Kinachoangaliwa pale ni mali iko mikononi mwa nani, kwa hiyo hati ya kiwanja haikukingi kama umeingia kumtisha mpangaji wako.

Pengo ni moja. Sheria yetu imesema "wakati unaofaa" ikaishia hapo. Haikusema utoe taarifa saa ngapi kabla. Hivyo kazi hiyo imebaki kwa mkataba, na mikataba yetu mnaijua: ile karatasi ya steshenari yenye nafasi za kujaza jina, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, usafi wa choo, zamu ya luku, sahihi ya mjumbe. Nimesaini mingi kama shahidi. Kuhusu kuingia ndani haina hata mstari.

Pendekezo langu ni kuongeza aya moja kwa mkono kabla ya sahihi. Mimi huwa nawaandikia hivi:

"Mwenye nyumba au mtu aliyemtuma kwa maandishi ataingia ndani kwa ukaguzi au matengenezo baada ya kumpa mpangaji taarifa kwa ujumbe wa simu si chini ya saa 24 kabla, akitaja sababu na muda, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni au muda mwingine watakaokubaliana, na mpangaji au mtu wake akiwepo. Katika mwezi wa mwisho wa mkataba mwenye nyumba ataweza kuonyesha chumba kwa wateja kwa utaratibu huo huo. Kukitokea moto, kupasuka kwa bomba, hitilafu ya umeme au hatari kwa maisha, mwenye nyumba ataingia mara moja mbele ya shahidi na kumjulisha mpangaji papo hapo."

Inaingia nyuma ya karatasi ileile. Wenye nyumba wengi hawakatai ukiwasomea, wanakataa ukiwaletea kama shutuma.

Karibuni kwa michango, hasa wenye nyumba, maana mkikaa kimya huu utakuwa uzi wa upande mmoja.

---

Mzee wa Goba

Mleta uzi, umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu asiye na nyumba ya kupangisha. Mimi nimejenga vyumba vyangu kwa kiinua mgongo, hakuna mkopo wala urithi. Nimewahi kuwa na mpangaji aliyetoroka usiku na kuacha bomba la jikoni wazi, maji yameingia chini ya tailizi zikanyanyuka sebule nzima. Mwingine alikuwa anachomelea mageti ndani ya chumba cha kulala, nyaya zikaungua mpaka kwenye dari. Hawa wote wangekaguliwa mapema hasara isingefika pale.

Halafu mnaposema mwenye nyumba asiwe na ufunguo, mtu akizidiwa ndani usiku, anaishi peke yake, nani atamfungulia? Tuvunje mlango? Mlango wa mninga huo.

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Nashukuru umekuja.

Sijasema mwenye nyumba asiwe na ufunguo. Ufunguo wa akiba uwepo. Ninachokataa ni ufunguo huo kuning'inia kwenye msumari wa jikoni ambako kila mtoto na kila mgeni anaufikia. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu anauweka ndani ya bahasha, anaigundisha mbele ya mpangaji, wote wawili wanasaini juu ya pale ilipofungwa. Ikifunguliwa inajulikana. Mpangaji akizidiwa usiku, unachana bahasha, unamwita jirani au mjumbe, unaingia. Hakuna wa kukulaumu.

Kuhusu yule mchomeleaji, ukaguzi ni haki yako kabisa na mimi ningekuunga mkono hata ofisini. Weka kwenye mkataba kuwa utakagua kila baada ya miezi mitatu kwa taarifa. Mtu anayechomelea mageti chumbani hawezi kuficha moshi ukutani kwa taarifa ya siku moja. Uharibifu unaoutaja wewe, maji chini ya tailizi, dari iliyoungua, unaonekana hata ukitoa taarifa. Kinachohitaji kuvamiwa ghafla ni siri za mtu, na hizo si za jengo.

---

Dada wa Kimara

Mimi yangu ni tofauti kidogo. Baba mwenye nyumba haingii nikiwepo. Anaingia nikiwa kazini. Nimejuaje? Vitu vinahama. Sufuria niliyoifunika naikuta imefunuliwa, droo ya kabati ninayoifunga mpaka mwisho naikuta imebaki kidogo. Haibi chochote. Nilipomuuliza kwa heshima akasema alisikia harufu ya gesi. Mtungi wangu huwa naufunga kabla sijatoka, kila siku.

Naogopa kulala mle ndani. Je, naruhusiwa kubadilisha kitasa bila kumwambia? Na nikibadilisha, nalazimika kumpa ufunguo?

---

Fundi Vitasa

Dada, kama mlango wako una kitasa cha silinda using'oe kitasa chote. Unabadilisha kiini tu. Fungua mlango, angalia ubavuni kwenye bati la kitasa, utaona skrubu moja ndefu usawa wa tundu la ufunguo. Itoe hiyo, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo mpaka ule ulimi wa silinda ulale, kiini kinatoka chenyewe. Chukua kile cha zamani uende nacho dukani ili upimiwe urefu uleule. Hakuna tundu jipya, hakuna mbao inayoharibika. Siku ukihama unarudisha cha kwanza, mlango unabaki kama ulivyoukuta.

Na weka komeo la ndani. Kitasa ni cha ukiwa umetoka, komeo ni la ukiwa umelala.

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Fundi, asante sana, hiyo ni elimu ya bure.

Dada wa Kimara, pole. Unachokieleza ni kizito kuliko kuingia na mafundi, kwa sababu huyu hana kazi yoyote mle ndani. Harufu ya gesi ni dharura ya kweli, sikatai, lakini mwenye nyumba aliyesikia gesi anakupigia simu saa ile ile na anaita majirani. Hasubiri umuulize wewe.

Kwanza soma mkataba wako. Kama kuna sharti la kutobadilisha chochote bila idhini, mwandikie ujumbe mfupi kuwa unabadilisha kiini cha kitasa kwa usalama wako na kwamba cha zamani umekihifadhi. Usiombe msamaha ndani ya ujumbe huo. Kama mkataba haujasema kitu, ninavyoona mimi unayo nafasi ya kubadilisha mradi hujaharibu mlango na utarudisha ulivyokuta. Ufunguo wa akiba mpe kwa njia ya bahasha niliyoisema, iliyosainiwa, tena mbele ya mtu wa tatu. Akikataa bahasha, akataka ufunguo mkononi, umeshapata jibu la harufu ya gesi.

Pili, anza kuandika. Tarehe, saa uliyotoka, saa uliyorudi, ulichokikuta kimesogezwa. Piga picha droo kabla ya kutoka. Siku ukifika serikali ya mtaa au kituoni, maneno "huwa anaingia" hayatoshi, lakini karatasi yenye tarehe inamfanya mtu akae sawa. Kama kuna lolote la kukushika, kukutisha au maneno machafu, usisubiri kamati. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni.

---

Mkazi wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu shida haswa ni keretaka, yaani msimamizi wa nyumba. Mwenye nyumba hata humjui sura, lakini keretaka ana funguo za ploti nzima, na ndiye anakuja na fundi, ndiye anasoma mita ya maji, ndiye anakuja kukuuliza mbona una wageni.

Sheria yetu ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inafanana sana na hiyo yenu: mpangaji anakaa kwa utulivu, na mwenye nyumba au wakala wake anaweza kuingia kwa wakati unaofaa kukagua au kurekebisha. Katiba ya 2010, Ibara ya 31, nayo inalinda faragha, ikiwemo nyumba yako isipekuliwe. Kwa nyumba za kodi ya chini kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mahakama yake maalumu, ila kiwango chake cha kodi ni shilingi 2,500 kwa mwezi tu, kwa hivyo wengi tunaolipa zaidi ya hapo hatumo.

Lakini kinachotuumiza zaidi huku si kuingia, ni kufungiwa. Ukichelewesha kodi siku kadhaa, keretaka anaweka kufuli lake juu ya lako. Unarudi kazini na mtoto mgongoni, dawa za mtoto ziko ndani. Mimi nasema hiyo ni kuingia kwa njia nyingine, kwa sababu ameishika nyumba yako mkononi. Ndugu zetu wa Tanzania, hilo kwenu likoje?

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Ndugu wa Kayole, karibu. Lipo hata huku, na wengine wanang'oa bati au mlango kabisa.

Deni la kodi ni deni. Linampa mwenye nyumba haki ya kudai, kutoa notisi, kusitisha mkataba kwa utaratibu na kwenda kwenye baraza la ardhi. Halimpi haki ya kujichukulia hatua mlangoni. Na tukubaliane jambo moja, maana hapa wapangaji nao hujificha: mtu anayedaiwa miezi mitatu, simu hapokei, mlango hafungui, akaja ofisini kulalamika kwamba ameingiliwa, nitamsikiliza lakini nitamuuliza na kodi. Ile ahadi ya kukaa kwa utulivu imefungwa kwenye kulipa kodi na kutimiza masharti. Hata hivyo mwenye nyumba apite mlango wa baraza, asipite dirishani.

---

Mtoto wa Magomeni

Mkuu naomba ufafanuzi kwa sisi wa nyumba za Kiswahili. Vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, choo na bafu uani, jiko kila mtu mlangoni kwake. Mama mwenye nyumba anapita koridoni kutwa nzima, anatoa maneno, anafunua mapazia ya watu kuangalia nani yupo. Hapo faragha inaanzia wapi?

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Swali zuri, na kesi nyingi za kwetu ni za nyumba za aina hiyo hasa.

Korido, uani, choo na bafu la pamoja hukupangishiwa wewe peke yako, unatumia pamoja na wengine, na mwenye nyumba naye anatumia. Huwezi kumzuia kupita wala kumtaka atoe taarifa kabla ya kufagia uani. Ulichopangishiwa peke yako ni chumba, kwa hiyo mpaka wako ni fremu ya mlango. Pazia lililoning'inia kwenye fremu ya mlango ulio wazi ni sehemu ya chumba. Wewe umefungua mlango kwa ajili ya hewa, hujafungua kwa ajili ya watu. Anayelifunua ameingia, hata kama miguu imebaki koridoni.

Nikiri kwamba hapa sheria haifiki mbali, kwa sababu hakuna baraza litakalokaa kusikiliza shauri la pazia. Inafika mila. Kubisha hodi na kusubiri "karibu" ni kitu ambacho mama huyo amelelewa nacho na angemchapa mjukuu wake kwa kukosa. Mtume mtu mzima mwenzake, jirani au somo wake, amwambie faraghani. Usimwambie wewe koridoni mbele ya wapangaji wengine. Nimeona mara kadhaa ugomvi wa pazia unazaa notisi ya kuhama.

---

Mbeba Boksi Leicester

Nipo Uingereza, niongeze kidogo. Huku England, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba anayekuja kukagua hali ya nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla na aje wakati unaofaa. Hizo saa 24 ambazo mleta uzi ameziweka kwenye aya yake ndizo zilizomo kwenye sheria ya huku.

Ila msidhani huku ni peponi. Wabongo wengi tunaoanza maisha tunapanga chumba ndani ya nyumba ambayo mwenye nyumba mwenyewe anakaa, tunashirikiana jiko na choo. Ukiwa katika hali hiyo kinga zako ni ndogo kuliko za mtu aliyepanga nyumba nzima. Mtu anaweza kukufungulia mlango wa chumba asubuhi akakwambia anatafuta taulo. Kwa hiyo hata huku mkataba wa maandishi ndio unaokuokoa. Ushauri wa kuandika ile aya nauunga mkono kwa asilimia zote.

---

Mama Wawili

Na sisi ambao hatuna mkataba wowote? Nilipewa chumba na dada wa rafiki yangu, nalipa kila mwezi kwa simu, tulikubaliana kwa mdomo. Mume wa huyo dada anaingia anavyotaka, eti kwa sababu hakuna karatasi mimi ni kama mgeni tu.

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Mama Wawili, wewe si mgeni. Sheria ya Ardhi inakubali upangishaji wa muda mfupi, yaani wa mwaka mmoja au chini, ufanyike kwa mdomo au kwa maandishi. Zile ahadi za kifungu cha 88 zinaingia hata kwenye makubaliano yako ya mdomo. Ushahidi wako ni miamala ya simu: kiasi kilekile, mtu yuleyule, kila mwezi. Usifute jumbe hizo. Mwezi ujao ukilipa, andika kabisa kwenye ujumbe "kodi ya chumba, mwezi fulani", naye akijibu "nimepokea" umepata karatasi.

Na huyo mume, kama aliyekupangisha ni mkewe, hana hata ile ruhusa ya ukaguzi mpaka mkewe amtume. Mwulize dada huyo moja kwa moja: umemtuma shemeji kuja kwangu, na kwa kazi gani?

Kuhusu pa kwenda, kwa wote mlioniuliza pembeni. Anzeni serikali ya mtaa, mengi yanaishia pale kwa sababu mwenye nyumba hapendi jina lake lisomwe ofisini. Lisipoisha, Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa linakupa uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msiruke hatua ya Kata, mtarudishwa.

---

Mzee wa Goba

Nimesoma yote. Ile aya nitaiweka kwenye mikataba yangu ya mwakani, ila saa 24 kwa bomba linalovuja taratibu naona nyingi. Na bahasha nimeielewa.

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Mzee wangu, bomba linalovuja mnakubaliana kwa simu papo hapo. Mpangaji akisema "ingia sasa", umeingia kwa ruhusa na hakuna wa kuhesabu saa. Hizo 24 ni za siku ambazo hakuna kinachovuja.

---

Dada wa Kimara

Mjumbe, kitasa nabadilisha Jumamosi, fundi nimempata. Naomba unisaidie maneno ya kumwandikia huyo baba. Ni mtu mzima, rika la baba yangu, sitaki aone namvunjia heshima, lakini sitaki pia aone ninaomba.

---

Mjumbe wa Mtaa (mleta uzi)

Andika hivi, badilisha utakapo:

"Shikamoo baba. Jumamosi saa nne asubuhi nitabadilisha kiini cha kitasa cha mlango wangu kwa usalama wangu. Cha zamani nitakihifadhi, nitakirudisha nikihama. Ufunguo wa akiba nitakukabidhi kwenye bahasha tutakayosaini wote, mbele ya mjumbe, kwa ajili ya dharura. Kuanzia sasa ukihitaji kuingia kwa ukaguzi au na fundi, naomba unitumie ujumbe siku moja kabla ili nipange niwepo. Ukisikia harufu ya gesi au ukiona hatari yoyote nipigie muda wowote, hata nikiwa kazini. Asante baba."

Utume leo jioni, usingoje Ijumaa. Akipiga simu badala ya kujibu, msikilize, halafu mkimaliza mwandikie tena mstari mmoja wa mlichokubaliana. Na akija juu, piga picha ya huo ujumbe na majibu yake, njoo navyo ofisi ya mtaa wako Jumatatu asubuhi pamoja na lile daftari lako la tarehe.